Kipima unyevu chako kinasema kweli? Kihakiki kabla hujapakia mahindi

Msimu wa kuvuna mahindi ndio huu, na simu ninazopokea wiki hizi karibu zote zinafanana: "Bwana shamba, mahindi yangu yanasoma 13, nipakie?" Siku hizi najibu kwa swali: hicho kipimo chako ulikihakiki lini? Hapo simu inakuwa kimya.

Leo naomba niseme wazi. Kipima unyevu ambacho hakijahakikiwa ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Asiye nacho ana wasiwasi, kwa hiyo ataanika siku moja zaidi. Mwenye nacho ana uhakika, na uhakika wa uongo ndio unaotutia hasara.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Misimu miwili iliyopita nilimpimia kijana mmoja mahindi yake, tani 10. Kipimo changu kikasoma 13.2. Nikamwambia pakia. Kufika kwa mnunuzi, kipimo chao kikasoma 15.1, gari likarudishwa. Kijana akalipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Alinipigia akasema maneno mawili tu: "Bwana shamba, umenimaliza."

Mwanzoni nilijitetea, nikasema wanunuzi ndio wezi. Halafu nikabeba sampuli na kipimo changu hadi kwenye maabara yenye oveni. Oveni ikatoa 15. Changu kikasoma 13.1. Mwizi nilikuwa nimemshika mkononi. Nilipokifungua nikakuta vumbi la mahindi limegandana kwenye chumba cha kuwekea punje, na betri ilikuwa imechoka. Nikasafisha, nikaweka betri mpya, tofauti ikashuka hadi nusu asilimia. Yaani kijana yule alipoteza hela kwa sababu ya vumbi na betri!

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukizidi hapo ghalani, ukungu unapata nafasi, na ndio unaoleta sumukuvu. Sumukuvu ikishaingia haitoki kwa kuanika tena. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sababu yake. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka kwetu na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo usichukulie kwamba ni suala la bei tu.

Na kipimo kikikosea upande wa pili, unaumia vilevile. Chukua kilo 1,000 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 16. Ukikausha hadi 13.5 unabaki na kilo 971. Ukiendelea hadi 11 kwa sababu kipimo chako kinasoma juu, unabaki na kilo 944. Umepoteza kilo 27 kwa kila tani uliyoanza nayo. Kwa tani 10 ni kilo 270, karibu gunia tatu zimepeperuka na jua, na hakuna atakayekulipa.

Sasa tufanyeje? Vipimo vingi vya mkononi havipimi maji moja kwa moja. Vinapima jinsi umeme unavyoitikia punje, halafu vinakadiria unyevu. Ndiyo maana vinadanganyika kirahisi. Mimi nafanya hivi:

1. Kabla ya msimu, nalinganisha kipimo na oveni. Punje nzima gramu 100, nyuzi joto 103, saa 72. Zikibaki gramu 86, unyevu ni asilimia 14. Kama huna oveni, tafuta chuo au maabara iliyo karibu, peleka sampuli tatu: kavu, ya kati na mbichi kidogo. Sampuli moja haitoshi, maana kipimo kinaweza kuwa sahihi kwenye 12 na kukosea kwenye 16.

2. Nikikuta tofauti, kwanza nasafisha kwa brashi laini na kitambaa kikavu, nabadilisha betri, napima upya. Vitufe vya kurekebisha ni vya mwisho. Ukirekebisha kipimo kichafu, siku ukikisafisha kitakosea upande wa pili.

3. Nahakikisha kimewekwa kwenye mahindi. Nimeshakuta kijana anapima mahindi kwa hesabu ya ngano msimu mzima.

4. Sipimi punje za moto kutoka kwenye turubai. Nje zimekauka, ndani bado. Naziacha zipoe kivulini, zikilala usiku mmoja ni bora zaidi.

5. Nachota kutoka magunia tofauti, juu, katikati na chini, nachanganya, napima mara tatu, nachukua wastani.

6. Msimu ukiisha natoa betri, nakihifadhi mahali pakavu. Siyo juu ya dashibodi ya gari.

Kuna wanaoniambia, "Wazee walitumia jino na hawakufa njaa." Jino siyo baya, ila jino haliwezi kutofautisha 13 na 15, na hela yako iko hapohapo katikati. Hata ile njia ya chumvi kavu kwenye chupa ni nzuri, lakini inakwambia tu kama umevuka takriban 15. Itumie kumshtukia muongo: kipimo kikisoma 13 na chumvi imeganda kwenye chupa, usipakie.

Wengine wanasema, "Si kipimo cha mnunuzi ndicho kinachoamua? Cha kwangu cha nini?" Hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Ukiwa na daftari linaloonyesha ulihakiki lini na ulipata nini, unaweza kusimama ukaomba sampuli ipimwe mara ya pili. Bila daftari unalalamika tu. Na ukigundua kipimo chao kinasoma juu ya chako kwa nusu asilimia kila mara, unajua ukaushe hadi wapi kabla hujalipia gari.

Ushauri wangu kwa vikundi: nunueni kimoja kizuri, mchagueni mtu mmoja wa kukitunza, na daftari likae pamoja na kipimo. Kipimo cha watu wote bila mtunzaji ni kipimo cha vumbi.

Yule kijana bado ananipigia kila msimu. Siku hizi kabla sijamuuliza ananiwahi: "Nimeshahakiki, bwana shamba. Wewe je?"

Na wewe, kabla gari halijaja, kifungue kipimo chako leo. Kazi njema.