Nusu ya Betri

Kwenye maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, kimejengwa kituo cha umeme cha megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, viko vigango huku kwetu ambako jua lingali ndilo umeme pekee. Huko tumeona kosa moja likirudiwa: michango ya waamini hununua betri, betri hufa mapema, na lawama humwangukia fundi.

Tuhesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba takribani wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, haifai kutumia zaidi ya nusu, yaani 600. Taa tano za wati 5, kwa saa nne, hula 100 tu. Lakini runinga ya wati 100, kwa saa tano za mpira, hula 500. Nusu imekwisha, na kesho mawingu ya masika huenda yasiirudishe.

Kwa maoni yetu, tatizo si uchache wa jua, bali ni haya ya kukatazana. Ateuliwe mtunzaji mmoja, mwenye ruhusa ya kusema "imetosha" hata kwetu sisi mapadre. Watoto watakaosoma kesho jioni wana haki katika betri ileile tunayoifuja leo.