Hamlilii 504, Mnalilia Mshahara

Kila wiki lazima kuna mzee ameweka picha ya Peugeot 504 na maneno yaleyale: hizi ndizo zilikuwa gari. Wenzake wanajazana hapo chini. Mmoja anakumbuka Datsun 1200, mwingine 404, mwingine Mercedes ya mkubwa fulani wa enzi hizo. Halafu kabla hawajamaliza kulia, lazima watugeukie sisi: vijana wa siku hizi hamjui gari, mnajua simu tu.

Sawa wazee wetu. Leo nawajibu, na kwa heshima.

Kwanza tuelewane, sina ubaya na hizo gari. 504 ilitoka Ufaransa mwaka wa 1968, na ikashinda Safari Rally 1975 na 1978. Kabla yake 404 ilikuwa imeshinda mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Shekhar Mehta alishinda mara tano, zote kwa Datsun, na nne kati ya hizo zilifuatana kutoka 1979 hadi 1982. Safari ya wakati huo ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi na matope, kwa barabara zilezile watu walizotumia kupeleka maziwa. Kijana wa wakati huo aliota Datsun kwa sababu aliiona ikipita kwao, imejaa matope hadi kwa kioo, na bado inaenda. Hiyo ndoto naielewa kabisa.

Ninachokataa ni vile mnaisimulia mkiwa mmeikata nusu.

Mnasema "sisi tulikuwa na gari." Sisi gani? Hapa Afrika Mashariki watu walibuni neno "wabenzi" baada ya uhuru, na hawakulibuni kusifu mtu. Walimaanisha wale wachache wanaopita ndani ya Mercedes huku wengine wakila vumbi lao. Waliolibuni hilo neno walikuwa wanatembea kwa miguu. Wajukuu wao ndio sisi. Kwa familia nyingi, gari za kitambo zilikuwa kitu cha kupungia mkono. Na ukipata lifti kwa ile Peugeot ya masafa marefu, ulibanwa pale nyuma kama gunia la viazi, bila mshipi, bila airbag, dereva akipita lori kwa kona. Kuna wengi hawakufika. Hao hawako hapa kuweka picha.

Sasa tuje kwa pesa, maana hapo ndipo shida iko.

Mzee wangu hupenda kuniambia kwamba akiwa na miaka 26 alikuwa na Datsun yake. Ni kweli, picha ninazo. Lakini nikimuuliza aliipata vipi, story inabadilika. Alimaliza masomo, akapata kazi ya kudumu, mwajiri akampa mkopo wa gari, na deni likakatwa kwa mshahara pole pole hadi likaisha. Hebu rudia hiyo sentensi ukihesabu vitu vilivyomo: masomo yaliyoisha, kazi ya kudumu, mwajiri anayekopesha, mshahara unaotosha kukatwa na bado mtu akale. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilishindikana. Napata pesa kwa hii simu mnayoidharau, na kuna mwezi inalipa kodi ya nyumba na kuna mwezi inalipa bando tu. Rafiki zangu waliomaliza chuo na vyeti vyao safi hawajanipita sana. Mmoja anaendesha boda ya mkopo. Analipa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na akikosa siku kadhaa pikipiki inachukuliwa pamoja na zote alizokuwa amelipa.

Kwa hivyo tukiongea ukweli, ndoto ya rika langu imebaki magurudumu mawili, na hata hayo si yetu.

Halafu kuna hii ya "zilikuwa zinatengenezeka." Hapo mko sawa, na naomba mseme hivyo kwa sauti zaidi. Ukifungua boneti ya 504 unaona kila kitu: kabureta ile pale, plagi zile pale, unaweza hata kuona chini. Fundi wa Kirinyaga Road alijifunza kwa kushika, na akamfundisha kijana wa kushika spana, na huyo kijana akawa fundi. Ilikuwa shule bila karo. Leo gari ikiwasha taa kwa dashibodi, kwanza inatafutwa mashine ya kuisoma, na fundi bila hiyo mashine anabaki kukisia sensa gani imekufa. Kijana wa jua kali amefungiwa mlango. Hilo ni jambo la kulilia. Lakini mkiweka picha zenu sioni mtu akilia juu ya fundi. Mnalia juu ya rangi na bampa.

Na gari zenyewe ziliunganishwa wapi? Hapa hapa Kenya, hiyo 504 ikiwemo. Mombasa, Thika na Nairobi zilikuwa na viwanda vya kuunganisha, na watu walilipwa mshahara kufunga hizo nati. Hata tulijaribu yetu. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliwaambia Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, na 1990 gari za Nyayo Pioneer zikaonyeshwa watu pale Kasarani. Zilitembea. Ziliishia hapo. Pesa za kuzitengeneza kwa wingi hazikupatikana, na hiyo ndoto ikawa kichekesho cha mtaani. Muda si muda milango ya biashara ikafunguliwa, gari kuukuu za Japani zikaingia kwa meli, na viwanda vikapungukiwa kazi. Siwalaumu walionunua, mtu hununua anachoweza. Lakini maamuzi yalifanywa na watu wazima waliokuwa maofisini, na mimi sikuwa nimezaliwa. Peugeot walirudi kuunganisha Thika 2017. Nionyesheni kijana wa miaka 23 aliyenunua moja mpya.

Na nyinyi wa rika langu msicheke sana. Nawaona mkienda Concours pale Ngong Racecourse kuegemea gari ya mtu mkipigwa picha ya sepia. Nawaona mkibishana kuhusu Supra na BMW E30, na kwa sheria zetu gari iliyozidi miaka 8 hairuhusiwi kuingia nchini. Mnaota gari ambayo hata ukipata pesa huwezi kuiagiza. Ndoto yenu mmekopa kwa video za watu wa nje, kama vile mmekopa huzuni ya wazee. Gari ya kwetu kweli ni gani? Subaru? Hata hiyo imeharibiwa. Tangu 2024, kijana akiona Subaru bila nambari imepunguza mwendo karibu naye, hafikirii rally. Anafikiria atampigia nani simu kabla haijasimama.

Hiyo ndiyo tofauti. Nyinyi mlikuwa na gari ya kuota. Sisi tuna gari ya kukimbia.

Kwa hivyo wazee, endeleeni kuweka picha, ni nzuri, mimi pia nazipenda. Lakini kila ukiweka moja, andika na bei. Andika ulikuwa na miaka mingapi, mshahara wako ulikuwa ngapi, nani alikukopesha, na ulimaliza kulipa baada ya muda gani. Andika na jina la kazi, na kama hiyo kazi bado iko. Tusome hesabu pamoja, halafu ndio mtuambie sisi ni wavivu.

Na ile 504 iliyo juu ya mawe kule ushago, kuku wakitaga ndani, mnayokataa kuiuza kwa sababu ya kumbukumbu: mpigieni kijana wa garage ya karibu. Mwacheni aifungue yote, aipange chini nati moja moja, ajue injini inafanya kazi vipi. Akiiharibu, ilikuwa imeharibika tayari. Akiiwasha, mtakuwa mmempa kazi.