Vikombe viwili na katani

Mwandishi, nimesoma makala yako kuhusu kuanza upya baada ya miaka hamsini nikiwa kibandani kwangu karibu na soko la Karatina, na mara mbili nimeiweka simu chini. Mume wangu alipofariki nilikuwa na miaka 51. Majirani walijaa nyumbani hadi siku ya mazishi, kisha wakarudi kwenye kahawa yao, nami nikabaki na redio na vikombe viwili. Nilichoshika ni katani. Nilisokota uzi pajani kama mama alivyonifundisha, nikaanza kiondo kwenye kitako, nikazunguka polepole kuelekea mdomoni. Kile cha kwanza kilipinda, na sitakiuza kamwe. Kuzunguka huko ndiko kulikonirudishia usingizi.

Kati ya walioanza upya, ungemtaja pia mwandishi Gakaara wa Wanjau, mwana wa Tumutumu. Alikamatwa Oktoba 1952, akakaa vizuizini miaka mingi, kisiwa cha Manda kikiwemo. Mkewe Shifra naye alizuiliwa. Gakaara aliachiliwa akikaribia miaka 40, akawa na matbaa yake hapa hapa Karatina, akichapa vitabu kwa Kikuyu. Shajara yake ya kizuizini ilitoka kama kitabu mwaka 1983, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 63, akapata Tuzo ya Noma ya uchapishaji Afrika pamoja na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini.

Ndugu aliyeandika kwenye maoni kwamba baada ya hamsini mtu atulie na wajukuu, namheshimu, lakini amekosea. Wangu hukaa miguuni pangu wakinichagulia rangi. Na Jumamosi hii anakuja mama mmoja wa Mukurweini, mjane wa miezi minne, nimwonyeshe jinsi ya kuanza kitako.