Kompyuta za Shule na Likizo ya Wanavyuo

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Linus Torvalds, ikaendelezwa na wengi waliojitolea. Yeyote aweza kuinakili kihalali. Yatusikitisha, basi, kuona kompyuta za shule zikiendeshwa kwa programu zilizoibwa, nasi twafundisha amri ya saba katika chumba hicho hicho. Wanavyuo wetu wanaosomea kompyuta wakija likizo, tuwakabidhi mashine hizo chakavu waziwekee Linux, wakae na walimu mpaka wazoee. Chuoni hukariri amri (zile za kompyuta!), hapa watakutana na printa inayogoma, na mwalimu anayesubiri mtihani uchapwe. Ufundi huo haupatikani katika mihadhara. Nauli na chakula cha mchana, parokia iwape.