Mtoto anasafiri na kwaya? Barua ya ruhusa haitoshi

Mzazi mwenzangu, shule zikifungwa mwezi Juni huwa ndio msimu wa kwaya za vijana kusafiri. Sare zimeshonwa, nyimbo zimeshikwa, basi limekodiwa. Huenda umeshasaini barua ya ruhusa na kutoa mchango wa nauli. Wiki hii nina swali moja tu kwako: kiongozi wa kwaya anajua nini kuhusu afya ya mwanao?

Katika kwaya nyingi jibu ni kwamba hajui kitu. Barua ile ina jina la mtoto, namba ya simu ya mzazi na sahihi. Haisemi kama mtoto ana selimundu, pumu, kifafa au kisukari. Na mara nyingi haisemi kwa sababu mzazi mwenyewe hakutaka iseme.

Hebu tuitazame safari yenyewe. Chukua kwaya ya vijana ya Kanisa la Mennonite inayotoka Musoma kwenda kuimba Dar es Salaam. Hizo ni zaidi ya kilomita 1,200, kupitia Mwanza, Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Vijana wanapanda basi wakiwa wamechoka tayari, maana wiki ya mwisho ilikuwa ya mazoezi hadi usiku. Njiani wanaimba, wanacheka, vumbi linaingia dirishani. Usiku wa Juni baridi ya Singida inawakuta na fulana nyepesi. Wakifika wanalala darasani au kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya mikeka na magodoro ya kuazima. Chakula cha mchana kinaweza kufika saa kumi jioni, na kabla ya hapo wamesimama juani na sare wakisubiri zamu yao ya kuimba. Kesho yake wanahamia kanisa jingine, ratiba ni ileile.

Kwa kijana mzima huo ni uchovu tu, na raha yake inaushinda. Sipingi safari hizi hata kidogo. Mtoto anajifunza kuishi na wenzake, kugawana sahani, kusubiri, kuvumiliana. Lakini kwa mtoto mwenye ugonjwa wa muda mrefu, kila nilichokitaja hapo juu kinaweza kuuchokoza ugonjwa wake.

Anza na maji. Kila aliyesafiri na basi la kukodi anajua kwamba dereva hapendi kusimama. Vijana, hasa mabinti, wanaona aibu kuomba kuchimba dawa, kwa hiyo wanaacha kunywa maji tangu alfajiri. Kwa mwenye selimundu hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Mwili ukikosa maji, chembe nyekundu za damu hujikunja kwa urahisi zaidi na kuziba mishipa midogo. Ongeza baridi ya usiku na uchovu, maumivu makali yanakuja. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye watoto wengi wenye selimundu nchini, na Tanzania nzima inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Katika basi la vijana 50 kutoka kanda hiyo, si ajabu hata kidogo kumkuta mmoja mwenye selimundu.

Sasa fikiria mtoto huyo anaanza kulia miguu na mgongo saa nane za usiku, mbali na nyumbani. Mwalimu wa kwaya hajui ana nini. Wengine wanasema amechoka, wengine wanadhani anadeka, wengine wanaanza kumwombea. Sala si tatizo. Tatizo ni saa tano zinazopita kabla mtu hajawaza hospitali, kwa sababu yule aliyepaswa kutoa taarifa alinyamaza.

Najua kwa nini wazazi wananyamaza. Mtoto amefanya mazoezi miezi mitatu, anaimba sauti ya pili vizuri, na mzazi anajua akisema ukweli ataambiwa, "Huyu abaki, atatusumbua." Viongozi wa kwaya, hapa nasema nanyi: mkimwacha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake amesema ukweli, mwaka ujao hakuna mzazi atakayesema. Mtasafiri na wagonjwa walewale, ila hamtawajua. Kumkubali mtoto mwenye ugonjwa ndiyo njia ya kupata taarifa zitakazomwokoa.

Maoni yangu ni haya: asisafiri mtoto yeyote bila karatasi moja ya afya, na asiachwe mtoto yeyote kwa sababu tu ya kilichoandikwa humo. Daktari wake ndiye aseme kama hali yake ya sasa inaruhusu safari. Karatasi iwe na ugonjwa alionao, dawa anazotumia na saa zake, dawa au chakula kinachomdhuru, dalili za hatari, na namba mbili za simu za nyumbani. Kadi ya bima iambatane nayo. Aishike mlezi mmoja anayeaminika, wala isisomwe mbele ya kwaya. Siri ya mtoto ni ya mtoto.

Kisha kuna mambo ya kila ugonjwa.

Mwenye selimundu apewe chupa yake ya maji, sweta na blanketi, na vidonge vyake vya kila siku, iwe foliki au haidroksiyurea, vya kutosha safari nzima na siku kadhaa za ziada. Homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni safari ya hospitali mara moja. Kwa mvulana, uume kusimama kwa maumivu zaidi ya saa mbili ni dharura pia. Mwambie mapema, maana akiwa ugenini ataona aibu kusema.

Mwenye pumu akae na dawa yake ya kuvuta mfukoni au kwenye mkoba wa mkononi. Dawa iliyofungiwa kwenye buti chini ya spika na kinanda haimsaidii mtu.

Mwenye kifafa asikose dozi na asikose usingizi, maana vyote viwili huleta degedege. Likimpata, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimshike kwa nguvu, wala msimwekee kijiko mdomoni. Likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali.

Mwenye kisukari anayechoma insulini hawezi kusubiri chakula cha saa kumi. Awe na kitu cha kula karibu. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuongea ovyo, na bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha ale. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Insulini isiwekwe juu ya dashibodi wala kugusana na barafu.

Kwa vijana wote, homa njiani isiitwe uchovu. Ipimwe malaria siku hiyohiyo, na anayepewa dawa mseto aimalize siku zote tatu, hata kama siku ya pili ameshapanda jukwaani. Chandarua kimoja kwa kila mtoto hakizidi uzito wa jozi ya viatu. Na kwaya zinazokuja Mara kutoka mikoa mingine zisiwaachie vijana kuogelea ziwani, kwani kichocho kipo katika maji ya pembeni mwa Ziwa Victoria.

Neno kuhusu sauti, maana ndiyo iliyowapeleka huko. Mayai mabichi hayalainishi sauti. Unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti, na yai bichi linaweza kuleta tumbo la kuhara kwaya nzima. Sauti inataka maji, usingizi na kunyamaza. Kama imekauka, asiimbe, na asinong'one, kwa sababu kunong'ona nako kunaichosha. Ukwaruzo unaozidi wiki tatu uonwe na daktari.

Yote haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji dereva aambiwe kabla ya safari kwamba atasimama kila baada ya saa mbili au tatu, mahali penye choo. Yanahitaji sanduku la huduma ya kwanza lenye kipimajoto, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, glavu na bandeji. Yanahitaji mlezi mwanamke mwenye pedi za akiba, na orodha ya hospitali zilizo njiani.

Kwa Wamennonite wala si jambo geni. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Shirati mwaka 1934, na hospitali ilikua palepale kando ya kanisa. Wazee wao waliona kuimba na kutibu ni kazi za nyumba moja. Kwaya inayobeba vinanda viwili na spika nne haiwezi kusema imekosa nafasi ya sanduku la dawa.

Na wewe kijana unayeishi na ugonjwa, nakuomba uchague rafiki mmoja kwenye kwaya na umweleze. Mwoneshe dawa zilipo. Usiache kunywa maji ili usimsumbue dereva, wala usiache kidonge ili usionekane unameza. Nafasi yako kwenye mstari ni halali kama ya wenzako.

Mzazi, basi halijaondoka bado. Chukua karatasi leo, iandike, umpelekee mlezi mkononi. Akikujibu kwamba mtoto wako ni mzigo, keti naye, na mwite na mchungaji. Mazungumzo hayo ya nusu saa yafanyike kanisani kwenu mchana, kuliko kufanyika kwa simu usiku wa manane, mtoto akiwa Manyoni na wewe ukiwa Musoma.