Ruta ya nyumba: tusiache mulango wazi

Mu muji yetu kuko papa wengi wanafanya kazi Kolwezi, jamaa inabakia Lubumbashi. Mutoto mukubwa anafungua porti 3389 mu ruta, ili papa aingie mu ordinatere ya nyumba tokea kambi. Nia yake ni muzuri, lakini sisi tunasema: si kwa njia ile.

Mulango ule haumujui papa. Mutu yeyote wa dunia anaweza kuupiga hodi, na kuko mashini zinazunguka intaneti usiku na muchana kutafuta porti ile tu. Mu 2019 Microsoft iliziba tundu mu Windows za zamani, lililoweza kupitisha mwivi bila neno la siri. Na mu ordinatere ile njo muko karatasi za kiwanja na akaunti ya banki ya mushahara.

Njia ya kufaa ni VPN: papa anapita kwanza mu njia yake ya siri, porti 3389 inabakia imefungwa. Ruta kadhaa ziko nayo ndani. Tubadilishe pia neno la siri lililotoka dukani.

Wazazi, leo magaribi muwaulize watoto: porti ya kwetu iko wazi?