Ndege Hazijirushi Zenyewe

Yapo mazoea ya kupima ukubwa wa shirika la ndege kwa kuhesabu ndege zake. Ndege mpya inapotua Dar es Salaam hupokewa kwa ngoma na kumwagiwa maji, picha hupigwa, na idadi hutangazwa. Ni haki ya wananchi kufurahi, maana fedha ni zao. Lakini ni nadra kusikika swali lililo zito zaidi: wako wapi watu wa kuzirusha, wanalipwaje, na wanapumzika saa ngapi?

Kwa mkazi wa Mwanga, Kigoma, ndege si anasa. Reli iliyofika ziwani mwaka 1914 ina urefu wa kilometa 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Mgonjwa wa Maweni aliyepewa rufaa ya Muhimbili, au ofisa aliyeitwa Dodoma na makadirio ya halmashauri yake, hawezi kuingoja kila mara. Ndege ya Air Tanzania iliyozoeleka huko, Dash 8-Q400, ina viti 76 vya abiria na viwili vya marubani. Akikosekana mmoja wa wale wawili, abiria wote 76 hubaki uwanjani.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Ndege inayoruka saa 8 kwa siku hutimiza saa 2,920 kwa mwaka. Sheria za usalama humwekea rubani kikomo. Marekani, kwa mfano, ni saa 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo ndege moja haiwezi kutosheka na chini ya jozi tatu za marubani, hata kabla ya kuhesabu likizo, maradhi na mitihani ya mara kwa mara ambayo bila kuifaulu leseni huwa karatasi tu. Aliyenunua ndege bila kuziandaa jozi hizo amenunua nusu ya ndege.

Pengo hilo likitokea, njia mbili hujitokeza haraka. Ya kwanza ni kuwabana marubani waliopo. Ya pili ni kukodi ndege ya watu wengine pamoja na marubani wake, au kumpa mkandarasi njia nzima airushe kwa jina la shirika. Kwa dharura, jambo hili halina ubaya. Injini za Airbus A220 zilipohitaji matengenezo kabla ya wakati wake, mashirika mengi duniani, Air Tanzania ikiwamo, yalijikuta na ndege zisizoruka. Hatari ni pale dharura inapogeuka desturi. Aliyekodi hulipa kwa saa, aghalabu kwa dola, na mara nyingi hulipia kiwango kilichoafikiwa hata kama ndege haikuruka. Wakati huo huo vijana wa nchi hawapati saa za kurukia, nao bila saa hizo hawapandi daraja.

Dash 8-Q400 ndiyo iliyoanguka karibu na Buffalo, Marekani, tarehe 12 Februari, 2009, ikaua watu 50. Abiria wake walikuwa wamekata tikiti kwa jina la Continental, shirika kubwa. Aliyeirusha alikuwa Colgan Air, kampuni ndogo iliyopewa kazi kwa mkataba. Wachunguzi walimtia hatiani rubani mkuu, ambaye ndege ilipopungua mwendo aliinua pua yake badala ya kuishusha. Lakini walichunguza pia uchovu. Ilielezwa mbele yao kuwa mshahara wa rubani msaidizi ulikuwa kama dola 16,000 kwa mwaka, ingawa kampuni ilidai alipata zaidi. Na usiku uliotangulia alikuwa amesafiri kuvuka nchi ili afike kazini. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kukaza masharti ya uzoefu na mapumziko, na kuwataka wauza tikiti wamtajie abiria kampuni itakayomrusha. Ilibidi watu 50 wafe kwanza.

Mwalimu wa Mwanga ana haki ya kuuliza kwa nini aumizwe kichwa na malalamiko ya watu wanaolipwa mara nyingi kuliko yeye. Jibu ni kwamba leseni ya rubani huvuka mipaka kwa urahisi, na mashirika ya Ghuba hayachoki kutafuta watu. Akiondoka, anachukua miaka ya mafunzo ambayo haijazwi kwa tangazo la kazi.

Kenya ilionja hayo tarehe 5 Novemba, 2022, marubani wa Kenya Airways walipogoma wakidai, pamoja na mengine, mchango wa mwajiri katika mfuko wao wa akiba uliokuwa umesimamishwa. Maelfu ya abiria walikwama hadi mahakama ilipowaamuru warudi kazini tarehe 9. Kumwacha mgonjwa uwanjani ili kumkomoa mwajiri si jambo la kusifiwa. Hata hivyo, mwajiri anayesimamisha mchango wa wafanyakazi wake hana budi kutaja tarehe ya kuurudisha, na kuitimiza.

Tanzania inalijua pengo hili tangu zamani. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, Air Tanzania ilianzishwa mwaka huo huo. Lakini Chuo cha Soroti, kilichoanza mwaka 1971 kufundisha wanaanga wa nchi zote tatu, kilibaki Uganda. Uhaba wa wataalamu haukuishia kwenye viti vya marubani. Umoja wa Ulaya ulipoipiga marufuku Air Tanzania Desemba 2024, na mashirika yote ya Tanzania Juni 2025, moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa upungufu wa watu wenye sifa katika usimamizi wa usafiri wa anga. Wapo waliokasirika. Hasira hazifundishi mkaguzi hata mmoja.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimepewa jukumu la kuanzisha mafunzo ya urubani nchini. Basi makadirio ya ununuzi wa ndege yanapofikishwa Bungeni, kando ya bei ya kila ndege yaandikwe mambo mengine mawili: idadi ya jozi za marubani zitakazoirusha, na fungu litakalowasomesha.